Njia iliyofunguliwa kwa ajili ya kamera: kisa cha kompyuta ya mhasibu anayefanyia kazi nyumbani

Kisa hiki, cha kompyuta iliyovamiwa na faili zake kufungwa na wahalifu wanaodai fidia, kilitokea Aprili 2024 katika mji mmoja wa pwani ya Kenya, nami ni fundi niliyeitwa kukichunguza. Majina ya watu na ya kampuni, pamoja na kila kitu ambacho kingemtambulisha mhusika, yameondolewa. Mwenyewe aliusoma uchambuzi huu na kuridhia utolewe, kwa sababu nyumba zenye mpangilio kama wake ni nyingi.

Usuli

Bi Z. ni mhasibu. Wateja wake ni wafanyabiashara wadogo: duka la vipuri, mikahawa, mwenye malori mawili, zahanati ya meno. Anawatunzia vitabu, anawaandalia mishahara na kuwajazia ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Kazi yote ilikaa ndani ya kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10 Pro, kwenye chumba kidogo kando ya sebule. Ana msaidizi, kijana aliyemaliza chuo, ambaye huja asubuhi na kuondoka alasiri.

Jioni Bi Z. hupenda kukaa sebuleni na wanawe. Kwa hiyo kompyuta ya chumbani iliwashiwa Remote Desktop, ile huduma ya Windows inayomwezesha mtu kuitumia kompyuta moja kupitia kioo cha nyingine, naye akawa anaifikia kwa laptopu kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Toleo la Home la Windows halipokei mgeni wa namna hiyo. Toleo la Pro hupokea. Ulikuwa mpangilio mzuri wa kazi, na hadi leo siuoni kuwa kosa.

Kompyuta ilikuwa na akaunti mbili. Ya Bi Z. ilikuwa na nywila ndefu. Ya pili, iliyoitwa "ofisi", ilikuwa ya msaidizi. Ilipewa haki zote za msimamizi ili aweze kuweka printa na programu bila kumsumbua mtu, na nywila yake ilikuwa jina lile lile la akaunti likifuatwa na tarakimu nne nyepesi. Wenyewe waliona inatosha, kwani anayeitumia ni lazima awe ndani ya nyumba.

Bakapu zilikuwa za aina tatu. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta mchana na usiku ilijinakilia yenyewe kila wiki. Folda za wateja wachache zilikuwa Google Drive. Na kila mwisho wa mwezi msaidizi alinakili vitabu kwenye flashi, akaiweka ndani ya bahasha kwenye droo.

Jinsi njia ilivyofunguka

Mwaka 2021, baada ya wizi mtaani, nyumba iliwekwa kamera. Mume wa Bi Z. anafanya kazi mbali na alitaka kuona picha kwenye simu. Rekoda ile ya kamera ilitaka kufikiwa moja kwa moja kutoka nje, na hapo ndipo mafundi wengi hukwama. Kampuni nyingi za intaneti hazimpi kila mteja anwani yake ya IP ya umma, yaani namba inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti. Wateja huwekwa wengi nyuma ya anwani moja, utaratibu unaoitwa CGNAT, na aliye nyuma yake hafikiki kutoka nje hata akitaka. Fundi wa kamera akaomba anwani ya umma, na kampuni ikaitoa kwa ada ndogo ya kila mwezi.

Kisha akaingia kwenye mipangilio ya ruta. Ujumbe unaofika kwenye kifaa huja na namba ya lango, ambalo mafundi huliita poti, inayoonyesha uende kwa programu gani: kurasa za tovuti hutumia 80 na 443, Remote Desktop hutumia 3389. Kilichofaa ni kupitisha malango machache ya rekoda na kuyaacha mengine yamefungwa. Lakini rekoda ilitumia malango kadhaa, mojawapo lilikataa kufanya kazi, na mteja alikuwa amesimama pembeni na simu mkononi akisubiri picha. Fundi akawasha DMZ. Kwenye ruta za nyumbani, DMZ maana yake ni kwamba chochote kinachobisha hodi kutoka intaneti, kwa lango lolote, kipelekwe kwenye anwani moja ya ndani. Akaandika 192.168.1.100, anwani ya rekoda. Picha zikaonekana, akalipwa, akaenda zake.

Mwaka 2023 stima ilikatika, na iliporudi iliunguza rekoda. Ikanunuliwa mpya, ya aina inayojiunga yenyewe na seva za mtengenezaji. Mwenye nyumba anasoma msimbo wa QR kwa simu na kazi imekwisha. Haihitaji anwani ya umma wala DMZ. Fundi aliyeiweka hakuwa yule wa kwanza, na hakuwa na sababu ya kufungua ukurasa wa ruta. Rekoda mpya ikapata anwani nyingine. DMZ ikaendelea kuelekeza 192.168.1.100, ambako sasa hapakuwa na kifaa.

Ruta nyingi za nyumbani hugawa anwani kuanzia 100 kwenda juu. Wakati fulani kati ya kubadilishwa kwa rekoda na Aprili 2024, baada ya stima kukatika na vifaa vyote kuwaka upya, ruta iliipa kompyuta ya mezani anwani ile ya 100. Ikawa kama mpangaji mpya aliyerithi sanduku la posta la mtu aliyehama: kila kilichotumwa kwa mwenzake kilianza kumfikia yeye. Na Windows, Remote Desktop inapowashwa, hufungua ruhusa yake kwenye Firewall, ukuta wa ulinzi wa Windows, bila kuuliza kama mgeni anatoka sebuleni au bara jingine.

Tangu siku hiyo kompyuta ya vitabu vya wateja ilikuwa wazi kwa dunia nzima. Ndani ya nyumba hakuna aliyegusa kitu.

Usiku wa Idi

Idi ilikuwa Jumatano, tarehe 10 Aprili 2024. Familia ilikwenda kulala kwa wazazi, msaidizi alikuwa mapumzikoni, na kompyuta iliachwa ikiwaka kama kawaida.

Alhamisi asubuhi msaidizi alifika akakuta kila faili imebadilika jina. Baada ya jina la zamani kulikuwa na namba ya utambulisho, anwani ya barua pepe ndani ya mabano, na mwisho wake neno .faust. Kila folda ilikuwa na faili iitwayo info.txt, na kwenye kioo lilitokea dirisha linalosema data imefungwa na mwenye kuitaka aandike barua pepe. Kiasi cha fedha hakikutajwa. Mtindo huo wa majina na barua ni wa Phobos, familia ya virusi vya kudai fidia iliyojulikana tangu mwanzoni mwa 2019 na ambayo mlango wake mkuu umekuwa huo huo wa Remote Desktop iliyoachwa wazi kwenye intaneti.

Msaidizi alishtuka, akachomoa waya wa stima. Baadaye kidogo akaiwasha tena ili aone kama hali imebadilika, akampigia Bi Z., na alipokuwa akizungumza alikuwa ameshika ile flashi ya mwisho wa mwezi, akitaka kuichomeka aone kama faili zake zinafunguka. Bi Z. akamwambia: "Usichomeke kitu. Toa waya wa intaneti, zima, funga mlango, nisubiri." Sentensi hiyo ndiyo iliyookoa robo nzima ya kazi. Phobos hujiandika kwenye orodha ya programu zinazojiwasha pamoja na Windows, kwa hiyo kompyuta ilipowashwa tena virusi navyo viliamka. Flashi ingechomekwa, ingefungwa palepale.

Niliitwa siku hiyo hiyo. Baada ya kuitazama ruta nilimuuliza Bi Z. kama huwa anaifikia kompyuta akiwa safarini. Alinijibu: "Fundi, sijawahi kuingia kwenye hii kompyuta nikiwa nje ya nyumba yangu hata siku moja. Hata sijui inafanywaje."

Kumbukumbu zilisema nini

Windows huandika kila jaribio la kuingia kwenye daftari la usalama, ambalo husomwa kwa Event Viewer: 4625 ni jaribio lililoshindwa, 4624 ni lililofaulu. Tulikuta daftari limefutwa, na tukio la kwanza ndani yake ni 1102, linalosema tu kwamba daftari limefutwa na nani kalifuta. Akaunti iliyofuta ilikuwa "ofisi".

Wahalifu wengi husahau kwamba Remote Desktop ina madaftari yake madogo, tofauti na hilo kubwa. Daftari la LocalSessionManager lilikuwa zima, na tukio 21 ndani yake hutaja akaunti iliyoingia pamoja na anwani ilikotoka. Kwa wiki nyingi kulikuwa na anwani moja tu, ya laptopu ya sebuleni. Kisha, siku chache kabla ya Idi, akaunti "ofisi" iliingia kutoka anwani ya nje, ikakaa dakika chache, ikatoka. Usiku wa Idi, saa saba na dakika arobaini, iliingia tena kutoka anwani nyingine ya nje, tofauti kabisa na ya kwanza. Faili ya kwanza kufungwa ilikuwa na muda wa kabla ya saa tisa usiku.

Mgeni wa kwanza mwenye haraka na wa pili mwenye kazi ni alama inayojulikana. Biashara hii ina mgawanyo wa kazi: wapo wanaokaa wakikisia nywila za kompyuta zilizo wazi mchana kutwa, wakipata moja wanahakiki kwamba inafungua, wanaiuza. Anayefunga faili ni mnunuzi. Siwezi kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa hapa, ila mpangilio wa nyakati unalingana. Funzo lake ni zito: kati ya wizi wa nywila na madhara kulikuwa na siku kadhaa ambazo mtu angelisoma daftari lile angekuta anwani ngeni na kubadilisha nywila moja.

Ndani ya kompyuta tulikuta pia Process Hacker, programu halali inayotumika kuchunguza kinachoendelea ndani ya Windows, na ambayo wahalifu huipenda kwa kuzimia kingavirusi. Kingavirusi ilikuwa ya kisasa na imelipiwa. Ilizimwa na mtu aliyeingia kama msimamizi kwa nywila sahihi. Nakala za ndani ambazo Windows hujiwekea zilikuwa zimefutwa, jambo ambalo Phobos hulifanya yenyewe.

Maamuzi ya siku za kwanza

Uamuzi wa kwanza uliobishaniwa ulikuwa wa fidia. Kaka yake Bi Z. alitaka waandike ile barua pepe, angalau wajue bei. Hoja yake haikuwa ya kijinga: ritani za VAT za Machi zilitakiwa kufika KRA kufikia tarehe 20 Aprili, na adhabu ya kuchelewa ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi, kwa kila mteja. Bi Z. alikataa. Nami nilimuunga mkono kwa sababu tatu: hakuna dhamana ya kupata ufunguo baada ya kulipa, anayejibu barua anajitambulisha kuwa ana shida na ana uwezo, na bado hatukuwa tumehesabu ni kipi hasa kilichopotea. Kuhesabu kwanza ndiko kulikobadilisha mazungumzo. Wapo wanaolipa usiku wa kwanza, kabla hawajafungua droo zao.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutoisafisha kompyuta. Diski ilitolewa, ikasomwa kwenye mashine nyingine yenye Linux ambayo virusi hivyo haviwezi kujiwasha, ikanakiliwa yote kama ilivyo, pamoja na faili zilizofungwa na barua za wahalifu. Diski ya nje iliyofungwa nayo ikahifadhiwa. Msaidizi aliuliza kwa nini tunatunza takataka. Jibu ni kwamba funguo za virusi hivi zimewahi kupatikana baada ya miezi au miaka, polisi wanapokamata seva au wataalamu wanapogundua udhaifu. Tangu Julai 2016 uko mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, unaotoa zana za kufungulia bure. Tulipoiangalia Aprili 2024, ya Phobos hii haikuwepo. Diski iliandikwa tarehe kwa kalamu, ikawekwa kabatini.

Kompyuta ikawekewa Windows upya kuanzia mwanzo. Mahali ambapo mtu amekaa na haki za msimamizi usiku kucha, kutafuta alichoacha ni kazi isiyo na mwisho.

Wateja, nywila zao na sheria

Hapa ndipo palipokuwa na hatari kubwa kuliko faili zenyewe, na ndipo pangesahaulika kirahisi. Kwenye kompyuta kulikuwa na jedwali la Excel lenye PIN za KRA za wateja (namba zao za mlipakodi) na nywila zao za iTax, tovuti ya kodi ya KRA, na nywila nyingine zilikuwa zimehifadhiwa kwenye kivinjari. Aliyeingia alikuwa na muda wa kutosha kulinakili. Tulichukulia kwamba amelinakili.

Bi Z. alitumia siku nzima kwenye simu, mteja mmoja baada ya mwingine, kabla ya kugusa kitabu hata kimoja. Aliwaeleza kilichotokea kwa maneno ya wazi, akawaongoza kubadilisha nywila za iTax na za barua pepe zilizounganishwa nazo, akawatahadharisha kwamba mtu anaweza kuwapigia akijua mapato yao na majina ya wafanyakazi wao, akajifanya ofisa wa kodi. Alianza na wenye mishahara ya watu wengi. Mteja mmoja alikasirika na kuondoka. Wengine walibaki, na wawili walimwambia wamebaki kwa sababu walisikia kutoka kwake kabla ya kusikia kwa mtu mwingine.

Sheria nayo ilikuwa na saa yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka anayechakata data kwa niaba ya mwingine amjulishe mdhibiti wa data, yaani yule aliyemkabidhi data hiyo, bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana. Naye mdhibiti huyo, panapokuwa na hatari ya kweli kwa wahusika, amjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Bi Z. hakuwahi kujiona kama mtu anayehusika na sheria hiyo, kwa kuwa anafanyia kazi chumbani kwake. Lakini majina, mishahara na PIN za watu haviulizi vimekaa jengo gani. Taarifa zilitolewa kwa wakati, na tukio likaandikishwa polisi likapata namba ya OB, daftari la matukio la kituo.

Kujenga upya

Flashi ya kwenye bahasha ilikuwa na vitabu hadi mwisho wa Machi. Tuliifungua kwanza kwenye mashine safi, tukainakili mara mbili, ndipo tukaitumia. Folda za Google Drive zilikuwa zimeharibika juu kwa juu, kwa sababu kompyuta ilipandisha faili zilizofungwa na kuziondoa za zamani. Ila Drive huvitunza vilivyofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30, vikarudishwa. Taarifa za benki na za M-Pesa ziliombwa upya. Ankara za mauzo zilizotolewa kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, zina rekodi zake KRA. Na risiti za karatasi, ambazo msaidizi alikuwa akilalamika kuzipanga kwenye majalada, zilijaza mapengo yaliyobaki.

Kilichopotea ni karatasi za kazi za miaka ya nyuma: mahesabu ya mali za kudumu, maelezo ya marekebisho, barua za ukaguzi. Hizo zilikuwa kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje pekee, na zote mbili zilifungwa usiku mmoja.

Matokeo

Ritani nyingi za Machi zilifika kabla ya tarehe 20. Chache zilichelewa na Bi Z. alibeba adhabu zake mwenyewe. Hakuna shilingi iliyolipwa kwa wahalifu. Hadi tunaandika, hakuna mteja aliyeripoti kwamba akaunti yake ya iTax ilichezewa.

Kisha kukaja jambo ambalo hatukulitegemea. Novemba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya raia wa Urusi aliyekabidhiwa kwake na Korea Kusini, akidaiwa kuisimamia Phobos. Februari 2025 Warusi wanne wanaohusishwa na tawi lake la 8Base walikamatwa Thailand. Julai 2025 polisi wa Japani walitoa zana ya bure ya kufungulia faili za Phobos na 8Base, zikiwemo zenye .faust, ikawekwa No More Ransom. Diski ilitolewa kabatini. Faili nyingi zilifunguka. Hifadhidata ya programu ya vitabu iliyokuwa wazi wakati wa shambulio haikufunguka, lakini vitabu tulikuwa tumeshavirudisha. Karatasi za miaka ya nyuma zilirudi karibu zote.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindwa

Watu wengi wakisikia kisa hiki humlaumu msaidizi kwa nywila yake. Nywila ilikuwa dhaifu, na ndiyo iliyokisiwa. Lakini ingekuwa dhaifu vilevile miaka miwili kabla, na hakuna lililotokea, kwa sababu haikuwa ikijaribiwa na mtu wa nje. Kilichogeuza udhaifu kuwa msiba ni njia isiyo na mwenyewe. Fundi wa kwanza aliifungua akaondoka. Fundi wa pili aliondoa haja yake bila kujua ipo. Kampuni ya intaneti iliuza anwani ya umma na kuendelea kuitoza. Bi Z. aliilipia kila mwezi, ikiwa mstari mmoja kwenye ankara yake, pasipo kujua ni kitu gani. Kila mmoja alitimiza sehemu yake, na hakuna aliyekuwa na picha nzima. Ningeulizwa nibadilishe jambo moja tu, ningeweka karatasi moja ndani ya nyumba inayoorodhesha kila njia ya kuingia kutoka nje: imefunguliwa kwa ajili ya nini, na nani, na ifungwe lini. Fundi yeyote anayefungua lango ana deni la kuiandika karatasi hiyo kabla ya kupokea malipo yake.

DMZ yenyewe nasema isitumike nyumbani. Sijaona nyumba inayoihitaji. Kifaa kinachodai malango mengi kufunguliwa ni kifaa cha kubadilishwa.

Kuhusu nywila, kasoro mbili zilikutana. Windows 10 iliyowekwa zamani haikuwa na kikomo cha majaribio: mtu angekisia usiku na mchana bila akaunti kufungwa. Windows 11 toleo la 22H2 ilikuja na kikomo cha majaribio 10 kikiwa kimewekwa tayari. Kwenye mashine za zamani mwenyewe ndiye anayekiweka. Pia akaunti ya kazi za kila siku ilikuwa na haki za msimamizi. Mgeni angeingia kwa akaunti ya kawaida, asingefuta daftari la usalama wala kuzima kingavirusi kirahisi vile.

Yupo atakayeuliza kuhusu NLA, ule utaratibu unaomtaka mgeni athibitishe nywila kabla ya kuonyeshwa kioo. Ulikuwa umewashwa. Unasaidia sana dhidi ya udhaifu kama BlueKeep wa Mei 2019, ambao kwenye Windows 7 na za kabla yake ulimruhusu mtu kuingia bila nywila yoyote. Dhidi ya anayekisia nywila na kupatia hausaidii. Kubadilisha 3389 kuwa namba nyingine nako hupunguza kelele tu, maana wanaotafuta hupitia malango yote.

Diski ya nje iliyochomekwa daima haikuwa bakapu. Ililinda dhidi ya diski ya ndani kuharibika, na hiyo ni hatari ya kweli katika mji wenye stima kama yetu, lakini mbele ya mtu aliyeingia ilikuwa folda nyingine tu. Kilichookoa ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote: flashi iliyokuwa haijachomekwa. Nasisitiza neno haijachomekwa. Ukubwa na chapa havikuwa na maana usiku ule.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kichwa cha Bi Z. kwenye ile simu ya kwanza, na uamuzi wake wa kuwapigia wateja kabla ya kujiokoa mwenyewe. Kuzima kompyuta kwa kuchomoa waya hakukudhuru wala kusaidia hapa, kwa kuwa virusi vilikuwa vimemaliza kazi saa nyingi kabla. Vingekuwa katikati, kungeokoa faili. Kuiwasha tena ndiko kulikokuwa hatari.

Mpangilio wa sasa, na jinsi ya kuikagua nyumba yako

Bi Z. bado anafanya kazi sebuleni jioni. Ruhusa ya Remote Desktop kwenye Firewall imebanwa ipokee anwani za ndani ya nyumba na za mtandao wake binafsi tu, na ruta imeagizwa kuipa kompyuta anwani ile ile siku zote. DMZ na UPnP, huduma inayoruhusu vifaa vijifungulie malango vyenyewe, zimezimwa. Anwani ya umma imerudishwa kwa kampuni na ada yake imekoma. Anapokuwa kwa wazazi anaingia kwa Tailscale, mtandao binafsi unaotumia WireGuard, njia ya kusimba mawasiliano: laptopu na kompyuta hutambuana kwa funguo, hakuna lango linalofunguliwa kwenye ruta, na hufanya kazi hata nyuma ya CGNAT. Nywila za wateja ziko kwenye programu ya kutunzia nywila. Flashi sasa ni mbili, zinapokezana, moja ikiwa nyumba nyingine.

Kukagua si kazi ngumu. Fungua ukurasa wa ruta yako, utazame anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti. Ikiwa inaanzia 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya CGNAT na malango hayafikiki kutoka nje. Ikiwa inalingana na ile ambayo tovuti za kuonyesha anwani ya IP zinakuonyesha, una anwani ya umma: soma ukurasa wa DMZ, wa kupitisha malango na wa UPnP, na ufute kila ambacho hakuna mtu nyumbani anayeweza kukueleza kazi yake. Kisha zima Wi-Fi kwenye simu, tumia data, ujaribu kuifikia anwani hiyo kwa programu ya Remote Desktop. Ikikuuliza jina na nywila, chomoa waya wa intaneti kwenye kompyuta kabla ya kufanya jambo jingine lolote, halafu ufungue daftari la LocalSessionManager usome ni nani wameshaingia.